Mchungaji Pinnock na Maji ya Skelderby

Mchungaji Everard Pinnock aliacha kula mayai akiwa na miaka sita, kwa sababu siku hiyo aliona yanakotoka. Aliniambia hivyo mwenyewe, nami nikacheka nikashika mbavu. Nilikuwa nimesimama kaburini hadi kifuani, buti zimejaa tope, na yeye yuko ukingoni ameziba pua kwa kitambaa chenye marashi.

Mimi ni Jabez Thurlby. Nimechimba makaburi ya kanisa la Skelderby kwa miaka arobaini na mmoja, na wachungaji wanne nimewazika au kuwaaga. Wanaomsifu Pinnock leo hawakumjua, na waliomjua wengi wao walimtukana. Nitasema nilichokiona, pamoja na sehemu yangu, ingawa sehemu yangu inanitia kichefuchefu hadi leo.

Alikuja kwetu akiwa na miaka thelathini, mwembamba kama mshumaa, mikono myeupe ya mtu ambaye hajawahi kushika kitu kizito kuliko kitabu. Sisi ni watu wa nguruwe. Nguruwe wako barabarani, uani, na Jumamosi wanachinjwa mbele ya milango. Jumapili yake ya kwanza alisimama mlangoni akawapa watu mkono mmoja mmoja, kisha akaenda nyuma ya kanisa akanawa kwa sabuni mara tatu. Akaonekana. Kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa na habari.

"Ametunawa kama mtu aliyekanyaga mavi ya kuku," alisema mke wangu.

Mtu wa namna hiyo angeandika nyimbo gani? Aliandika za theluji, za maua meupe, za mavazi yasiyo na kunyanzi. Kila asubuhi alikaa kwenye dirisha la chumba chake cha kusomea, akitazama mteremko wa makaburi, na chini ya mteremko, nje ya ukuta, ile chemchemi yetu. Dirisha lilifungwa daima kwa ajili ya harufu ya nguruwe. Hapo ndipo alipoandika ule wimbo uliozunguka dunia:

*Bubujika maji safi, maji yasiyo na doa,*
*Toka pale walolala wote ulowaokoa;*
*Kinywani mwangu matamu, moyoni yaniongoa,*
*Nikiyanywa nitapona, roho yangu itapoa.*

Mpiga kinanda mmoja wa mjini akautia sauti, ukaingia kwenye vitabu vya nyimbo. Ndani ya miaka mitatu ulikuwa ukiimbwa London, kwenye meli za askari, na kwa mabibi wakubwa baada ya chai. Wageni wakaanza kuja kwa treni wakati wa kiangazi, wameshika miavuli, wanataka kuiona chemchemi yenyewe na kunywa.

Hapo ndipo Zebulon Gathercole alipoona mlango wake umefunguka. Gathercole alikuwa mzee wa kanisa, mwenye nguruwe wengi kuliko mtu yeyote wilayani, mwenye nyumba ya wageni, na mwenye nusu ya nyumba tunazokaa, yangu ikiwamo. Mtu mnene, kidevu kinang'aa mafuta saa zote kana kwamba amekipaka makusudi. Akajenga birika la mawe pale chemchemi inapotokea, akachonga juu yake *Nikiyanywa nitapona*, akaanza kujaza maji kwenye chupa zenye karatasi ya dhahabu. Yeye mwenyewe alikunywa bia tu.

Wageni walionja, wakafumba macho. "Yana utamu fulani hivi," walikuwa wakisema. "Utamu wa ajabu! Hata huko mjini hakuna."

Nikiwasikia mate yalinijaa kinywani, na si ya hamu. Kwa maana mimi nilijua utamu ule unatoka wapi.

Ardhi yetu ni mawe ya chokaa yenye nyufa. Makaburi ya upande wa chini, ukifika futi tano, unakuta maji. Wakati wa mvua mbao za majeneza ya zamani zinakuwa laini kama mkate uliochovywa kwenye supu. Ukigusa kwa koleo zinaachia. Yanatoka maji meusi, mazito, yenye mafuta juu. Unayatazama, nayo hayakai. Yanapita kwenye ufa, taratibu, kuelekea chini. Chini kuna ukuta, na baada ya ukuta kuna chemchemi. Hata mjinga anajua maji hayapandi mlima.

Mimi na mke wangu tulichota maji kwenye kijito cha kinu, mwendo wa nusu saa. Majirani walituita wenye kiburi. Sikumwambia mtu. Nyumba ilikuwa ya Gathercole, na mdomo wangu nao, ukitaka kujua, ulikuwa wa Gathercole vilevile.

Mwezi wa saba wa mwaka wa tisa wa Pinnock, homa ya matumbo iliingia kijiji cha chini. Nyumba kumi na moja kwa majuma mawili. Sitaeleza nyumba zile zilikuwaje. Aliyeuguza mgonjwa wa homa ile anajua, na asiyejua amshukuru Mungu. Haki yake nitampa Pinnock: aliingia zote. Aliingia na kitambaa chake, akapiga magoti kwenye sakafu ambazo mimi nisingepiga magoti, akatoka akatapika nyuma ya ua, akajifuta, akaingia nyumba inayofuata. Na kila nyumba aliacha neno moja: "Wapeni maji ya chemchemi. Yachoteni asubuhi yakiwa baridi."

Keturah Sleight alikuwa mjane, dobi wa nyumba ya mchungaji. Alikuwa na Hosea wa miaka sita na Tamsin wa miaka minne. Mchungaji alimpelekea chupa kwa mkono wake mwenyewe, zile za karatasi ya dhahabu. Hosea alikufa Jumanne. Tamsin alikufa Ijumaa.

Niliwachimbia upande wa chini, maana huko ndiko wanakolazwa maskini. Mchungaji alisoma sala, kisha, kwa kumfariji mama, akayasema polepole yale maneno ya wimbo wake. Keturah hakulia. Alimtazama kama mtu anayemtazama mbwa aliyeingia jikoni.

"Baba Mchungaji," alisema, "hiyo *nikiyanywa nitapona* nimewanywesha wanangu siku tisa. Kijiko kwa kijiko. Tamsin alikuwa anakataa, nikamshika pua akameza. Sasa mbona wamekufa?"

"Mama Sleight, mapenzi ya Mungu—"

"Usinipe Mungu. Nimekuuliza habari ya maji."

Watu wakamvuta mkono. Akawapukutisha kama vumbi, akaenda zake.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nachimba kaburi la mzee Amos Tuplin, hatua sita kutoka kwa wale watoto. Mchungaji akaja. Kitambaa hana. Ndevu hajanyoa.

"Jabez, yale maji yanatoka wapi?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kumpa. Lakini chini, kwenye visigino vyangu, maji meusi yalikuwa yamekwisha kuanza kujikusanya, na harufu ikapanda ikatufikia wote wawili.

"Shuka uone," nikamwambia.

Akashuka. Yule mtu wa mayai! Nikampa mkono, akasimama kando yangu na viatu vyake vya ngozi laini. Nikachomoa koleo, tukayatazama maji yakiingia kwenye ufa, yakizunguka kidogo kama yanavyozunguka kwenye faneli, yakiondoka. Hakuuliza yanaelekea wapi. Aligeuza uso kwenye ukuta.

"Umelijua hili tangu lini?"

"Tangu kabla hujaja."

"Ukaniacha niandike vile?"

"Uliandika dirisha limefungwa, Mchungaji. Ningepitia wapi kukuambia?"

Nilidhani nimesema neno la mtu mkali. Yeye akanijibu kwa sauti ya chini sana: "Ulikuwa pale langoni, Jabez, nilipopita na ile chupa ya Keturah. Ulinivulia kofia."

Ni kweli. Nilimvulia kofia. Nimeoshwa na mvua nyingi tangu siku ile, na bado nanuka.

Alitaka uhakika, kwa sababu alijua watamwita mwendawazimu. Jikoni kwake kulikuwa na magunia mawili ya chumvi ya kukaushia nyama. Tuliyabeba wenyewe, tukayamwaga katika kaburi la mzee Tuplin kabla hajaletwa, tukamwagia ndoo ishirini za maji kutoka kwenye pipa la mvua. Mwili wote ulikuwa ukiniwasha. Kesho yake adhuhuri tukateremka hadi kwenye birika.

Kulikuwa na mabibi wawili wa mjini wanangoja zamu. Mchungaji akainama, akakinga mikono yake miwili, akanywa. Nilimwona koo likipanda na kushuka.

"Chumvi," akasema.

Akainama akanywa tena.

"Ya nini tena?" nikamshika bega. "Umeshajua!"

"Mara moja mtu anaweza kujidanganya, Jabez."

Alipomeza mara ya pili alishika ukingo wa birika, akatapika juu ya yale maneno yaliyochongwa, hadi akabaki anatoa nyongo tupu. Bibi mmoja akakunja mikono kifuani.

"Masikini," akamnong'oneza mwenzake, "amezidiwa na Roho." Nao wakajaza vikombe vyao, juu kidogo ya pale alipotapika, wakanywa.

Jioni ile ile tulikwenda kwa Gathercole. Tulimkuta mezani na mkate wa nyama ya nguruwe. Hakuacha kula.

"Chumvi?" alisema. "Bahari ile pale, maili kumi na mbili. Upepo umeleta."

"Bwana Gathercole, nimeinywa. Watu wanakunywa makaburi."

"Mchungaji wangu, watu wanakufa kila mwaka. Babu yangu aliyanywa maji yale, akaishi miaka themanini."

"Watoto saba wamekufa mwezi huu."

"Watoto ni watoto." Akalamba kidole gumba. "Na wale wageni? Umesikia mgeni yeyote amekufa?"

"Wanakunywa kikombe kimoja wanaondoka."

"Basi ndiyo hivyo! Kama ni kufa, wakafie kwao." Akacheka, na vipande vya nyama vikaonekana kwenye meno. Kisha akaacha kucheka. "Ukiifunga chemchemi, umeufunga wimbo wako. Utakuwa nani bila wimbo ule? Utakuwa kijana wa kunawa mikono tu. Nawe, Jabez, msalimie mkeo. Mwambie paa la ile nyumba yangu nalikumbuka."

Nilitoka pale nikiwa na mafuta ya nguruwe puani, naapa, ingawa sikugusa kitu.

Jumapili iliyofuata ilikuwa sikukuu ya wimbo. Kila mwaka Gathercole aliifanya: kanisa limejaa maua, wageni wamejaza mabenchi ya mbele, na safari hii alikuja askidikoni, mkubwa wa wachungaji wa wilaya yetu, mzee mwenye mvi za hariri. Kwaya ikasimama. Kinanda kikaanza. Pinnock akapanda mimbari akiwa na jagi la kioo mkononi, akainua mkono, kinanda kikakata.

"Wimbo huu niliuandika mimi," alisema, "nao ni uongo."

Akawaeleza yote: ufa, chumvi, birika. Hakupamba neno. Sauti yake, iliyokuwa daima laini kama maziwa, ilikwaruza. "Niliandika *toka pale walolala*, nikadhani nimesema jambo zuri. Nilisema kweli bila kujua. Mnakunywa babu zenu. Mnakunywa mzee Tuplin. Watoto wa Keturah tumewazika juu ya chemchemi yenu, na juma lijalo mtawanywa."

Mama mmoja wa kwaya alikimbia nje ameziba mdomo, na kwa sauti tuliyoisikia hakufika mbali. Wageni wakaanza kutazama vikombe vyao vya ukumbusho. Gathercole akasimama, uso mwekundu.

"Ana homa huyu! Amepata homa kwa wagonjwa! Mshusheni!"

Pinnock akamimina maji kwenye gilasi, akashuka nayo, akapita katikati ya kanisa hadi kwenye benchi la Gathercole. Maji yalikuwa meupe, yanameremeta. Ndiyo ubaya wake.

"Kunywa, Bwana Gathercole. Umewauzia watu miaka sita. Kunywa mbele yetu."

Gathercole akaitazama gilasi. Akaitazama tena.

"Sina kiu," akasema.

Pinnock akamgeukia askidikoni na gilasi ile ile. Askidikoni alikuwa anachunguza viatu vyake.

Nami nikasimama nyuma, kofia mkononi. "Ni kweli," nikasema. "Mimi ndiye ninayechimba. Nimejua miaka yote, nikanyamaza." Mzee aliyekaa mbele yangu, rafiki yangu wa tangu utoto, aligeuka akanitemea mate usoni. Nilijifuta. Alikuwa na mjukuu kati ya wale saba.

Msidhani watu walimbeba Pinnock mabegani. Walimchukia. Mtu akikuambia umekula kinyesi, humchukii aliyekupikia, unamchukia aliyekuambia. Walimzomea njiani, wakamtupia maganda ya viazi. Lakini chemchemi hawakuigusa tena. Kinyaa kilifanya kazi ambayo sheria haikuifanya. Birika likakaukiwa na watu kabla ya mwezi kwisha, na homa nayo ikaisha.

Gathercole alitutoa kwenye nyumba siku ya nne. Mchungaji akatupa chumba juu ya zizi lake la farasi. Tukapanda mimi na yeye hadi juu ya kilima, mbali na makaburi, tukachimba kisima. Siku kumi na saba. Mikono yake ilichubuka, ikatoka malengelenge, malengelenge yakapasuka, akaifunga kwa vile vitambaa vyake vya marashi akaendelea. Mtu wa kwanza kuja kuchota alikuwa Keturah. Mchungaji akamvutia ndoo.

"Kunywa wewe kwanza," Keturah akamwambia.

Akanywa. Keturah alimtazama hadi tone la mwisho, kisha akangoja zaidi, amesimama, mikono kiunoni, kana kwamba anataka kuona kama ataanguka. Hakuanguka. Akajaza ndoo zake mbili akaondoka. Hakusema asante, na sijui kama alimsamehe. Mimi hajanisamehe, na simlaumu.

Askidikoni aliandika barua ya maneno matamu: ndugu yetu amechoka, anahitaji mahali papya. Wakampeleka Brackenshaw, mji wa viwanda vya kutia nguo rangi, mahali ambapo wachungaji wengine walikataa. Kabla hajaondoka aliwaandikia wachapaji wa vitabu vya nyimbo, akiwaomba wautoe ule wimbo. Wakamjibu kwamba umeshakuwa mali ya waumini wote na unawafariji wengi. Bado unaimbwa. Alikuwa akiusikia mahali, anatoka nje.

Nilimtembelea mara moja, baada ya miaka minne. Tulikula samaki wa moshi na mkate kwenye chumba chenye dirisha moja, wazi, linatazama ua wa nyumba kumi na nne zenye choo kimoja. Uvundo ule ulikuwa kama mtu wa tatu mezani. Yeye alikuwa anakula tu. Mikono ilikuwa imekomaa kama yangu.

"Bado unaandika?" nikamuuliza.

"Kila siku." Akanionyesha rundo la karatasi. "Barua kwa halmashauri. Habari ya vyoo. Hii ni ya mia mbili na nane."

"Wanajibu?"

"Wamejibu tatu. Vyoo viwili vimejengwa." Akapasua samaki. "Watu wa hapa wananiita Mchungaji wa Vyoo. Watoto wamenitungia na wimbo kabisa."

"Unachukia?"

"Nachukia vyoo, Jabez. Kila asubuhi nikiingia kwenye nyua hizi natapika, bado. Sijazoea hata kidogo. Nadhani siku nikizoea nitakuwa sifai."

Alikufa majira ya baridi yaliyofuata, kwa ugonjwa wa kifua, akiwa na miaka arobaini na minne. Nilikwenda kwa treni, nikafika mapema, nikamkuta mchimbaji wa huko anamalizia kaburi. Nilimwomba nishuke. Akaniona mzee aliyechanganyikiwa, lakini akaniachia. Nilipapasa pande zote kwa mikono. Udongo wa mfinyanzi, mkavu, hauna ufa. Nikapanda, halafu, kwa kuwa bado kulikuwa na saa nzima, nikateremka kilima kwa miguu kuona kilicho chini.

Chini kulikuwa na mfereji wa kiwanda. Maji ya rangi ya zambarau, povu juu, na paka aliyevimba amekwama kwenye wavu. Wanawake wawili walikuwa wanachota kwa ndoo.

"Msinywe hayo, mama zangu!" nikawapigia kelele.

Mmoja akainua uso, akanipima kuanzia kofia hadi buti.

"Haya, mzee," akasema. "Sasa tunywe nini?"

Nilisimama pale hadi kengele ya mazishi ilipoanza, nikapanda kilima.